Laki mbili za kila mwezi: timu ya watoto wa mtaani au timu ya wakubwa?

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, naishi Sombetini, Arusha. Kijiweni kwetu tuko watu wanane na tumekubaliana kuchangia mpira. Tukijikusanya tunapata laki mbili kila mwezi. Ugomvi uko kwenye pa kuzipeleka. Baadhi wanataka tusaidie timu ya watoto inayofanya mazoezi kwenye uwanja wa shule hapa mtaani. Wengine wanasema twende na timu ya wakubwa ya wilaya, ambayo inapigania kufika Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, maana bila timu kubwa Arusha itaendelea kuitazama Ligi Kuu kwenye TV. Mmoja anasema tukate tu kadi za Simba na Yanga tuachane na kelele. Halafu wale wa timu ya watoto wameniomba niwe mlezi wao. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pelekeni kwa watoto. Pelekeni karibu yote, na kidogo kitakachobaki nitakwambia huko mbele kiende wapi. Nimefundisha vijana na nimekaa kwenye kamati za mpira za wilaya, kwa hiyo nimeona fedha za namna hii zikiingia pande zote mbili na nimeona zinavyotoka. Laki mbili ndani ya timu ya wakubwa haimalizi Jumamosi moja. Laki hiyo hiyo kwa watoto inaendesha mwezi mzima, na ikiendelea miaka minne inakupa kizazi cha wachezaji.

Kuhusu kadi za Simba na Yanga sina maneno mengi. Mwenye mapenzi akate kadi, ni haki yake, mimi mwenyewe nina upande wangu. Ila hapo tusiite kusaidia mpira. Mwaka 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Juu yake kuna mdhamini wa ligi, kuna wadhamini wa jezi, kuna matajiri wanaojulikana kwa majina. Laki mbili ya Sombetini kule haionekani.

Timu ya wilaya ndiyo yenye hoja ya kweli, na wenzako wanaoitetea msiwadharau. Lakini tuangalie laki yenu inafanya nini ikifika pale. Timu inayotaka kupanda ina njaa ya aina yake. Kuna posho za wachezaji, nauli ya Coaster kwenda mechi za ugenini, chakula cha kambi, ada za ushiriki, na hela ya kulipa faini zikitokea. Hayo yote ni halali. Tatizo linaanza timu ikinusa kupanda. Hapo viongozi wanaanza kupiga simu Dar, Mwanza na Tanga kutafuta mamluki, vijana wazuri wanaokuja kwa wiki chache, wanalipwa kwa mechi, wanalala gesti, na ligi ikiisha wanapanda basi kurudi kwao. Yule kijana wa Unga Limited aliyecheza ligi ya wilaya msimu mzima kwenye vumbi anakaa benchi. Timu ikipanda, imepanda na watu ambao mwakani hawapo. Isipopanda, hela imekwenda na hakuna kilichobaki mtaani.

Angalia historia ya kanda yetu. AFC na Pallsons za Arusha, na Ushirika ya Moshi, ziliwahi kucheza daraja la juu kabisa nchini, na wazee wa Kaloleni na Majengo bado wanazizungumzia. Oljoro JKT ilikaa Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2011/12 mpaka iliposhuka mwisho wa 2013/14. Moshi nao waliipata Polisi Tanzania, wakawa wanaziona Simba na Yanga pale uwanja wa Ushirika tangu msimu wa 2019/20, mpaka iliposhuka mwisho wa 2022/23. Timu zetu nyingi za juu zimesimama juu ya mguu mmoja: taasisi, kampuni, au tajiri. Mguu huo ukiondoka, au bajeti ikibadilika, timu inakwenda. Nilichotamani siku zote ni kwamba timu ya namna hiyo inapoanguka, iangukie juu ya kitu, yaani vijana mia mbili wa mitaani ambao tayari wamefundishwa na wamesajiliwa, ili timu nyingine iweze kuinuka palepale. Kitu hicho ndicho tumekosa, na ndicho laki mbili zenu zinaweza kuanza kukijenga.

Sasa tuje kwa watoto. Sitaki mtoe hela kwa sababu tu watoto wanatia huruma. Zipo timu za watoto ambazo ni mradi wa mtu mmoja wa kupiga picha na kuombea misaada. Nendeni mazoezini bila taarifa, siku ya kawaida, saa kumi jioni, msiende siku ya mechi. Mkifika, mwombeni kocha daftari.

Daftari la kocha makini unalitambua mara moja. Ni la shule, la kurasa 96, limejikunja pembe kwa sababu linakaa mfuko wa nyuma. Ndani kuna majina, tarehe za kuzaliwa, shule na darasa, namba ya simu ya mzazi, kisha miraba ya mahudhurio yenye vema na sifuri. Utaona jina lenye sifuri nne mfululizo na pembeni pameandikwa kwa penseli "mama anaumwa" au "amehamia Usa River". Kocha wa namna hiyo anawajua watoto wake, na fedha yenu iko salama kwake zaidi ya kwa kiongozi mwenye mhuri na barua yenye nembo. Asiye na daftari mwambieni aanze nalo, mrudi baada ya mwezi.

Angalieni pia kama kuna kocha wa pili, au mzazi anayekaa pale uwanjani. Mtu mzima mmoja peke yake na watoto arobaini si mpango mzuri, hata kama ni mtu mwema kiasi gani. Na mhesabu mipira.

Hapo kwenye mipira niruhusu nikae kidogo, maana ndipo wafadhili wengi wanapotea. Watu wakitaka kusaidia timu ya watoto, kitu cha kwanza wanachofikiria ni jezi, zenye jina la duka mgongoni. Jezi zinavaliwa saa moja na nusu kwa wiki. Mpira unachezewa kila siku. Watoto thelathini wakiwa na mpira mmoja, kila mtoto anaugusa dakika chache tu jioni nzima, muda mwingine wote anakimbia nyuma ya vumbi. Wapeni mipira kumi, kocha awagawe wanne kwa wanne kwenye viwanja vidogo, na jioni hiyo hiyo kila mtoto atapiga pasi, atakokota, atapiga golini, tena na tena. Ustadi wa mguu unajengwa hapo, kati ya miaka minane na kumi na mbili, na mtoto aliyekosa umri huo tunahangaika naye sana akifika kumi na saba. Zingatieni ukubwa: wa miaka minane mpaka kumi na mbili wachezee mpira namba 4, namba 5 ni wa kuanzia kumi na tatu. Wengi wananunua namba 5 kwa wote, halafu wanashangaa mtoto wa miaka tisa anapiga kwa kidole. Jezi ziwe za mwisho kabisa. Fulana za rangi mbili za mitumba kutoka soko la Kilombero zinatosha kwa mazoezi.

Baada ya mipira, kocha. Huyo wa mtaani kwenu sidhani kama analipwa. Anajitolea, na siku akipata kibarua Njiro au akipata bodaboda ya mkataba, mazoezi yanakufa. Mpeni nauli: shilingi 3,000 kwa siku ya mazoezi, siku tatu kwa wiki, ni 36,000 kwa mwezi. Wakiwa makocha wawili ni 72,000. Imetoka laki mbili yenu na bado mna kubwa iliyobaki. Si mshahara, na msiite mshahara, lakini inamfanya awepo Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mwaka mzima. Wekeni akiba polepole ili mmoja wao akasome kozi ya leseni D ya CAF inapotangazwa. Kocha mwenye cheti akibaki mtaani miaka mitano anapitisha mikononi mwake watoto wengi kuliko timu yoyote ya wakubwa.

Uwanja ni wa shule, na hilo ni jema, kwa sababu viwanja vya wazi Arusha vinaliwa na majengo kila mwaka. Ila makubaliano ya mdomo na mwalimu mkuu yanahama naye akihamishwa. Andikeni barua, ipite kamati ya shule na serikali ya mtaa, itaje siku na saa, na mseme nyinyi mtafanya nini: kusawazisha mashimo baada ya masika, kuchora chokaa, kutengeneza magoli. Wewe una duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo magoli madogo ya bomba ni kazi yako ya wiki moja. Nakuomba kitu kimoja kwa msisitizo: goli lolote la chuma lichimbiwe au lifungwe chini kwa nguvu. Watoto wanapenda kuning'inia kwenye mwamba, na goli lisilofungwa likianguka linaua.

Nikija kwenye makaratasi, najua wengi huruka sehemu hii, lakini ningekuwa na sauti moja tu ya kupiga katika mpira wa Arusha na Moshi ningeipiga hapa. Kila mtoto awe na cheti cha kuzaliwa cha RITA. Kila mtoto asajiliwe kwenye klabu, na klabu yenyewe iwe imesajiliwa kisheria, kuanzia kwa afisa utamaduni na michezo wa halmashauri mpaka kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, kisha iwe mwanachama wa chama cha mpira cha wilaya. Timu nyingi za mtaani zipo kwa jina tu. Mtoto anacheza pale miaka sita, anaondoka, na kwenye kumbukumbu za mpira miaka hiyo sita haipo.

Faida ya kwanza ni umri. Vijeba, yaani wanaodanganya umri, wameharibu mashindano ya vijana nchi nzima. Mtoto wa kweli wa miaka kumi na nne anapangwa na mtu wa miaka kumi na tisa, anavunjwa moyo au anavunjwa mguu. Kwenye mashindano ya kimataifa ya chini ya miaka 17 wachezaji hupigwa picha ya MRI ya kifundo cha mkono, na kijeba anaishia hapo. Cheti kilichopatikana mapema, mtoto akiwa mdogo, kinamlinda aliye mkweli.

Faida ya pili ni fedha, na hii viongozi wengi wa mitaani hawaijui. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kimataifa akiwa na mkataba, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawiwa kwa klabu zote zilizomlea kuanzia mwaka alipotimiza miaka 12 mpaka 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 unapata asilimia 5 ya fungu hilo, na kila mwaka wa 16 hadi 23 unapata asilimia 10. Chukua mfano wa kijana aliyeuzwa dola 200,000. Fungu ni dola 10,000. Kama alikuwa kwenu miaka minne, tangu 12 mpaka 15, mnapata dola 2,000. Kama mlibaki naye mpaka 17, mnapata dola 4,000. Kwa timu inayoendeshwa na laki mbili kwa mwezi, hiyo ni miaka kadhaa ya uhai. Kuna pia fidia ya malezi, inayolipwa kijana akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi, au akihama kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya kuisha kwa mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23. Tangu Novemba 2022 FIFA ina kituo maalumu cha malipo haya, na kinafuata historia ya usajili ya mchezaji. Usipokuwa kwenye historia hiyo, hata kama mtaa mzima unashuhudia kwamba mlimlea, hulipwi.

Nisiwadanganye, watoto wengi hawatauzwa popote. Msiingie kwa tamaa hiyo. Na akihamia klabu ya hapahapa nchini, hesabu hizo za FIFA haziwalindi moja kwa moja, kwa hiyo kijana anapochukuliwa na klabu ya Dar andikeni makubaliano siku hiyo hiyo, mzazi akiwepo. Ila Samatta alipita Mbagala Market, timu ya sokoni ambayo baadaye ikaitwa African Lyon, ndipo akaenda Simba, TP Mazembe, Genk, na Januari 2020 akasaini Aston Villa. Timu ilibeba jina la soko la mtaa. Nyinyi ni wafanyabiashara, mnaelewa ninachosema.

Makaratasi yanawalinda pia dhidi ya wajanja. Atakuja mtu na kofia nzuri, atamwambia mzazi alipe milioni kadhaa mtoto wa miaka kumi na tano aende majaribio Ulaya. Mwambieni mzazi huyo aweke hela yake mfukoni. Uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 umekatazwa na FIFA, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa kwenye kanuni, na kulipa dalali si mojawapo.

Ulizeni vilevile kama timu ina wasichana. Kama haina, wekeni hilo kama sharti la mwaka wa pili. Timu yetu ya wasichana chini ya miaka 17 ilikwenda Kombe la Dunia India mwaka 2022, ikaifunga Ufaransa 2-1, ikafika robo fainali. Mpaka mwaka huo timu za wavulana na wanaume za nchi hii zilikuwa hazijawahi kufika Kombe la Dunia la FIFA. Sombetini wapo wasichana wanaocheza chandimu na kaka zao mpaka siku wanapoambiwa wakae pembeni, na hakuna timu ya kuwapokea.

Sasa kile kidogo nilichosema kibaki. Wenzako wanaotaka timu kubwa wako sahihi kwamba mtoto anahitaji kuona anapoelekea. Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa AFCON ya 2027, na Arusha imepangiwa uwanja mpya wa watu 30,000 kwa ajili hiyo. Mashindano yakiisha, uwanja ule utahitaji timu ya nyumbani. Kwa hiyo muwe mashabiki wa timu ya wilaya kwa namna inayowafaa wote wawili: mechi ikiwa uwanja wa Sheikh Amri Abeid au popote pengine, nunueni tiketi, mwende na watoto ishirini wa timu yenu wakakae jukwaani. Kiingilio kinaingia kwenye timu, na watoto wanajifunza kusoma mchezo, beki anasimama wapi mpira ukiwa upande wa pili, kipa anazungumza vipi na mabeki wake. Mara moja kila miezi miwili inatosha.

Na viongozi wa timu ya wilaya wakija tena na daftari la michango, waulizeni: mna kikosi cha chini ya miaka 17? Msimu uliopita vijana wangapi wa mitaa yetu walianza mechi? Wakiwa tayari kuandika kwamba vijana wenu wawili wanaofikisha kumi na nane watapata majaribio ya haki kila msimu, kabla ya kuita mamluki, hapo wapeni mchango wa mara moja kwa mwaka, kwa vitu: mipira, dawa za huduma ya kwanza, au mafuta ya Coaster. Fedha taslimu msitoe. Wakikataa swali lenyewe, mmepata jibu.

Kijiweni msigombane kwa hili. Mwenye moyo na timu ya wilaya mpeni kazi hiyo ya tiketi na ya kuzungumza na viongozi, ataifanya kwa mapenzi.

Kuhusu kuwa mlezi, kubali. Mlezi ana kazi ya kufungua milango: kwenda kwa mwalimu mkuu, kwa mtendaji wa kata, kwa wazazi wanaowazuia watoto baada ya mtihani kwenda vibaya, na ukae upande wa shule pale mtoto anapotoroka masomo kwa kisingizio cha mazoezi. Ila usishike hela. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, mmoja wenu, kocha mmoja, na mzazi mmoja, na huyo mzazi awe mama ikiwezekana, kwa sababu kwa niliyoyaona akina mama ndio wanaouliza risiti. Matumizi yaandikwe na kubandikwa ukutani kila mwisho wa mwezi, hapo shuleni, hata kama ni mstari mmoja wa nauli za makocha na mstari mwingine wa mipira miwili. Anzeni mwezi huu kwa vyeti vya kuzaliwa. Kocha anajua kwenye daftari lake nani hana.